Mpangaji kalipa mwaka, kaondoka mwezi wa tano, anadai arudishiwe ya miezi saba. Wenye nyumba mnafanyaje?

Mwalimu wa Chamazi

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo ya wenye nyumba na ya wapangaji pia, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke. Nina nyumba moja ya kupangisha Chamazi, milango minne. Kila mlango una chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani. Niliijenga kwa miaka sita, kwa mkopo wa SACCOS, kwa mchezo wa kina mama wa kazini, na kwa mafao ya marehemu mume wangu. Kiwanja milioni 8, ujenzi mpaka rangi kama milioni 52. Naweka hesabu wazi kwa sababu najua mtaniuliza.

Kodi ni 120,000 kwa mwezi na kawaida napokea ya miezi sita. Januari dalali akaniletea kijana na mke wake. Kijana akasema anataka kulipa mwaka mzima ili asahau habari ya kodi. Siku hiyo hiyo 1,440,000 ikaingia kwenye simu. Sikuwahi kupokea hela ya mwaka kwa mkupuo. Nilipiga magoti nikashukuru.

Masika ilipokolea, shimo la choo likajaa. Mlango wa tatu maji yakawa yanarudi bafuni, mtoto wa mlango huo akaugua tumbo. Lori la kunyonya lilikuja mara mbili ndani ya wiki tatu, 90,000 kila safari. Fundi akaniambia ukweli, kwamba lile shimo lilichimbwa kwa familia moja, si kwa milango minne yenye watu kumi na wanne. Nikachimba la pili, nikajengea tofali, nikafunika zege. Hela ya yule kijana iliishia humo, na yangu juu yake.

Mwisho wa mwezi wa tano akanipigia. Kazini wamemhamishia Dodoma, anapakia Jumamosi. "Mama, naomba unirudishie ya miezi saba." Ni 840,000. Nilikaa chini.

Mkataba wetu ni ile karatasi moja ya steshenari. Ina majina, kiasi, tarehe na sahihi ya mjumbe. Haisemi chochote kuhusu mtu kuondoka kabla ya muda.

Wenye nyumba wenzangu mtaani wananiambia nisithubutu kurudisha hata mia, kwamba kodi ikishaingia imeingia. Dada yangu anasema hela ya mtu ni hela ya mtu. Kijana mwenyewe hajanitukana wala kunitisha. Alikuwa mpangaji mwema, alifagia mpaka mbele ya milango isiyo yake. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Naomba kujua: je, ninadaiwa? Na kama nadaiwa, natoa wapi wakati hela iko chini ya zege? Tatu, mkataba ujao niuandikeje?

Kijana wa Kupanga

Mwalimu, asante kwa kuuliza. Wengi hawaulizi.

Mimi nililipa miezi sita Tabata mwaka juzi. Mwezi wa pili kiwanda kikafungwa, nikapoteza kazi. Nilimwomba mwenye nyumba anirudishie hata ya miezi miwili nikaanzie maisha nyumbani Tanga. Alikataa, na wiki iliyofuata mtu mwingine alikuwa ndani ya chumba kile kile, kalipa miezi sita yake. Kwa miezi minne ile alipokea kodi mbili kwa chumba kimoja. Sijawahi kusahau.

Milango Kumi

Mwalimu, usirudishe. Nasema hivi nikiwa na milango kumi Buza na miaka kumi na mbili ya kazi hii. Yeye ndiye aliyevunja muda, si wewe. Ungemfukuza mwezi wa tano, hapo ungedaiwa. Ukianza kurudisha, kila anayegombana na mkewe atakuja kudai. Sisi hatuna mshahara wa kufidia, tunategemea hiyo hiyo kodi.

Karani wa Baraza

Nilifanya kazi miaka minane kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, naomba niandike kwa kirefu kidogo.

Milango Kumi ana nusu ya haki. Mkataba wa mwaka mmoja ni mkataba wa muda maalumu. Kama hauna kifungu cha kuuvunja mapema, anayeondoka kabla ya muda ndiye amevunja makubaliano. Kuhamishwa kazini kunaeleweka kibinadamu, lakini hakufuti mkataba.

Nusu ya pili ni hii. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa haki ya kufidiwa hasara aliyoipata, na katika kuipima hasara hiyo inaangalia pia kama alikuwa na njia ya kuipunguza. Chumba kikikaa wazi mwezi mmoja, hasara yako ni mwezi mmoja. Ukipata mpangaji Julai, kuanzia Julai huna hasara tena. Kula kodi ya wawili kwa chumba kimoja ndiko kunakowaponza wenye nyumba mbele ya wasuluhishi, na kisa cha Kijana wa Kupanga nimekisikia mara nyingi mno nikiwa mezani.

Kwa hiyo Mwalimu, swali lako la kwanza lina jibu la hesabu. Hudaiwi 840,000 leo. Utadaiwa kile kitakachobaki baada ya kuondoa miezi ambayo chumba kitakaa tupu, pamoja na gharama halali za kukirudisha kilivyokuwa. Mwambie hivyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili asidhani unamkwepa.

Jambo jingine dogo lenye uzito. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa mkataba wako ni 14,400. Watu wanaudharau mpaka siku ya kesi, ndipo wanaambiwa karatasi yao haipokelewi kama ushahidi mpaka walipe ushuru na adhabu.

Mzee wa Keko

Vijana, mimi nina miaka 74. Nimepanga, nimepangisha, na nimeona serikali ikigeuza mkono mara kadhaa katika jambo hili.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Nilikuwa kijana mdogo, lakini nakumbuka watu wakizungumza kwa sauti ya chini barazani. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ilikuwepo pia, ya mwisho ni ile ya 1984, ikafutwa 2005.

Nawaambia haya kwa sababu wengi humu mnadhani kuna ofisi mahali fulani inayopanga kodi iwe kiasi gani na mtu alipe miezi mingapi. Tangu 2005 kilichobaki ni Sheria ya Ardhi, ile ya mikataba, na karatasi mnayoandikiana. Karatasi yenyewe mnanunua shilingi mia tano bila kuisoma.

Mwalimu wa Chamazi

Shikamoo Mzee wetu. Karani, nimekusoma mara tatu. Sikujua kabisa habari ya stempu.

Lakini naomba niseme kitu. Hata kama nadaiwa 700,000 tu badala ya 840,000, sina. Mshahara una makato ya SACCOS mpaka mwakani. Wapangaji watatu waliobaki wawili wanalipa Agosti, mmoja Oktoba.

Hesabu za Nyumba

Mwalimu, pole. Shida yako haikuanza mwezi wa tano, ilianza Januari siku ile hela ilipoingia. Nasema kwa heshima, kwa sababu nami ilinikuta Kinyerezi.

Mpangaji akikupa miezi kumi na miwili, siku hiyo umepata kodi ya mwezi mmoja. Ile kumi na moja bado ni yake, wewe umeshikishwa tu. Kila tarehe 1 inapofika, mwezi mmoja unavuka kutoka kwake kuja kwako. Mimi nilifungua akaunti ya pili isiyo na kadi wala huduma ya simu, mpaka niende dirishani. Kodi yote inaingia huko. Kila tarehe 1 nahamisha ya mwezi mmoja kwa kila mlango. Nyumba ikihitaji ukarabati mkubwa, natumia kilichovuka. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kweli, nilikuwa naona milioni tatu zimekaa na mimi nakopa ya mafuta. Mwaka wa pili nikalala vizuri.

Nimeangalia na hesabu zako nyingine. Milango minne kwa 120,000 ni 5,760,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kila mlango kukaa wazi, 480,000. Matengenezo weka 600,000, maana koki, vitasa, rangi na choo haviishi. Kodi ya majengo 18,000. Unabaki na kama 4,660,000. Kwa milioni 60 ulizoweka, ni karibu miaka 13 kurudisha hela, kabla ya riba ya mkopo. Wengi wanagawa milioni 60 kwa 5,760,000, wanapata miaka 10 na miezi, wanafurahi, halafu shimo linajaa.

Mdau wa Hatifungani

Ndiyo maana mimi niliacha kujenga. Milioni 60 kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali kwa riba, hata kwa ile riba iliyoshushwa mwaka 2022 hadi asilimia 12.10 kutoka 15.49, ni zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Hakuna choo kinachojaa.

Hesabu za Nyumba

Ni kweli kwenye karatasi. Lakini Mwalimu hakuwahi kuwa na milioni 60 mkononi siku moja. Alikuwa na mifuko ishirini ya saruji mwezi huu, bati kumi mwezi ujao. Nyumba inakubali hela ndogo ndogo zilizochelewa. Na kiwanja cha milioni 8 cha Chamazi leo hakinunuliki kwa milioni 8.

Kweli, hatifungani nazo unaweza kuanza kidogo kidogo. Lakini ukiwa na watoto wanaosoma, hela iliyo karibu inaliwa. Tofali haliliwi.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi huu nikastaajabu, maana huku kwetu kulipa mwaka mzima ni nadra. Mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, mwisho tarehe tano, na akiingia huweka dipositi ya mwezi mmoja. Akitaka kuhama hutoa notisi ya mwezi, dipositi hurudi ikiwa hakuvunja kitu. Kwa hivyo shida ya Mwalimu huku haiko.

Shida yetu ni nyingine. Tarehe tano inafika, simu imezimwa. Nina nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, niliyoachiwa na mama, na ardhi si yetu, ni ile ya nyumba bila ardhi, tunalipa ijara kwa mwenye shamba. Mwezi wa vyumba viwili kutolipa, ijara naitoa mfukoni. Na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wanataka yao kila mwezi, kwa sasa asilimia 7.5 ya kodi yote ya pango tangu Januari 2024 kwa anayepokea zaidi ya shilingi 288,000 za Kenya kwa mwaka, hawaangalii kama umekarabati au la.

Kila mtindo una mzigo wake, lakini mimi siwezi kushika hela ya mtu ya mwaka mzima. Nitaitumia, najijua.

Kijana wa Kupanga

Bi Mkubwa, huku tungelipa mwezi kwa mwezi wengi tungefurahi. Kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa 350,000 anatoa wapi 720,000 ya miezi sita, na bado 120,000 ya dalali, na godoro? Anakopa. Anaingia kwenye chumba tayari ana deni.

Milango Kumi

Na mwenye nyumba akipokea ya mwezi mwezi, nani atamfuata mpangaji mwezi wa tatu akigoma? Nina mmoja sasa hivi Buza, miezi mitano hajalipa. Nilimpa nafasi ya kulipa mwezi mwezi kwa huruma tu, mkewe alikuwa amejifungua. Sasa hanisalimii. Nimechoka. Nawaza kung'oa mlango na kukata umeme.

Karani, nifanyeje?

Karani wa Baraza

Mlango usiung'oe, bati usiezue, vitu vyake usivitoe nje. Nimeona mwenye nyumba anayedai 500,000 akaishia kutakiwa kulipa televisheni, kabati na "laki tatu iliyokuwa chini ya godoro" ambayo hakuna aliyeiona. Ukishagusa vitu vya mtu kwa mkono wako, kesi inageuka, mdai unakuwa mdaiwa.

Anza na barua. Andika deni, miezi, na siku unazompa. Mpangaji anayelipa kwa mwezi bila muda maalumu anastahili notisi isiyopungua kipindi anacholipia, yaani mwezi. Mkabidhi mbele ya mjumbe, mjumbe asaini kuwa ameshuhudia. Akikaa kimya, nendeni serikali ya mtaa mkaandikishane ratiba ya malipo. Mengi yanaishia hapo, kwa sababu mtu anaona aibu mbele ya watu anaokutana nao dukani.

Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linatoa cheti kuwa usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho kinakufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu wanaruka kata, wanakwenda wilayani moja kwa moja, wanarudishwa baada ya kupoteza miezi. Amri ya kumtoa ikitoka, inatekelezwa na dalali wa baraza, si hawa madalali wa vyumba. Wewe unabaki pembeni.

Ni njia ndefu, sikufichi. Lakini kaka yangu, kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba hiyo. Umeme usiukate.

Milango Kumi

Nimekuelewa. Barua naandika leo.

Fundi Umeme Mbagala

Kwa kuwa umeme umetajwa, naomba nichangie kwa Mwalimu na wengine, maana ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, ndio unaoniitisha kazini kuliko kitu chochote.

Milango minne mita moja ni ugomvi wa kila siku. Huyu ana friji, yule ana pasi, mwingine anakaanga chipsi kwa jiko la umeme. Wanachanga sawa sawa, asiye na kitu analipia friji ya jirani. Halafu kuna hili wengi hawalijui. Mita ya nyumbani inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inaweza kuwa kwenye kundi la bei nafuu, uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Milango minne kwenye mita moja haiwezi kubaki humo. Mnaangukia bei ya kawaida, elfu kumi inatoa uniti 28 na pointi. Yaani bibi anayewasha taa mbili analipia uniti yake mara tatu, kwa sababu tu mmewekwa kwenye mita moja.

Dawa ya kudumu ni kila mlango mita yake kutoka TANESCO. Mjini, njia moja bila nguzo, malipo ni 320,960 kwa mita. Kama huna, weka submita. Kila mlango unasoma uniti zake, mnanunua pamoja, kila mtu analipia alichotumia kwa bei ya siku hiyo. Mwenye nyumba asiongeze bei juu. Nimewahi kuona aliyeuza uniti kwa 600, wapangaji wakaacha nyumba wote mwezi mmoja.

Hesabu za Nyumba

Niongeze hapo kwa Fundi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Kodi hii ni ya mmiliki, LUKU ni njia ya kuikusanya tu. Mpangaji akinunua umeme akakatwa, amekulipia wewe. Mimi kila Desemba nawarudishia wapangaji wangu 18,000 ya mwaka, tunaigawa kwa milango. Ni hela ndogo, lakini tangu nianze kufanya hivyo hakuna aliyewahi kuniibia hata balbu ya ukumbini.

Na ukiweka mita nne kwenye nyumba moja, hakikisha kodi ya majengo imefungwa kwenye mita moja tu, la sivyo nyumba moja italipiwa mara nne. Kafuatilie mwenyewe, usimwachie mpangaji.

Mama wa Fremu

Mimi nina fremu tatu Gongo la Mboto. Naomba kuuliza haraka. Mpangaji wangu wa duka la dawa ameniletea 1,800,000 badala ya milioni 2, anasema asilimia 10 kaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ni kweli au ananila?

Hesabu za Nyumba

Ni kweli, ndiyo kodi ya zuio. Mpangaji anayefanya biashara anaikata kwenye pango na kuiwasilisha. Ila akupe cheti cha zuio chenye TIN yako, namba ya mlipakodi. Bila cheti hujui kama imefika. Nenda naye TRA mara moja, mwone pamoja kwenye mfumo. Na kwenye mkataba ujao andika wazi kama kiasi mnachokubaliana ni kabla au baada ya zuio, maana hapo ndipo urafiki unapokufa.

Mama wa Fremu

Cheti anacho. Nilimfokea bure jana. Kesho nitampelekea maandazi.

Mwalimu wa Chamazi

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu. Narudi na taarifa.

Nilimpigia yule kijana jioni ile ile niliposoma maandishi ya Karani. Nilimwambia ukweli wote, mpaka la shimo. Nikamwambia: hela yako siikani, lakini haipo mkononi, na siwezi kukulipa miezi ambayo chumba kitakaa wazi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, mbona ungeniambia tangu mwanzo, nilikuwa nadhani umenikalia." Akaniomba siku kumi.

Siku ya nane akanitumia mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anatafuta chumba. Dada mmoja na mtoto wake, mtu mtaratibu. Ameingia tarehe 1 Julai. Hakuna dalali, kwa hiyo yule dada ameokoa 120,000 yake. Nimempokelea miezi mitatu badala ya sita, 360,000. Milango Kumi najua hutapenda, nisamehe.

Hesabu tulifanya pamoja kwa simu. Deni 840,000. Juni chumba kilikaa wazi, toa 120,000. Rangi na kitasa, toa 45,000, nikamtumia picha za risiti. Imebaki 675,000. Nimemtumia 300,000 kutoka kwenye hela ya mpangaji mpya. Iliyobaki 375,000 nitailipa kwa awamu tatu za 125,000, Agosti, Septemba na Oktoba. Tumeandikiana, mjumbe kasaini, yeye kasaini karatasi ikiwa Dodoma akaipiga picha.

Sasa najua yule dada ana hela yake kwangu na mimi nimeshaipeleka kwa mwingine. Hesabu za Nyumba utanigombeza. Lakini Agosti wawili wakilipa, hiyo yote inakwenda kwenye akaunti ya pili. Nimeshaifungua, na kadi nimekataa.

Mkataba mpya nimeuandika mwenyewe, Karani akanisahihishia. Vifungu vya kuondoka vinasomeka hivi:

"Mpangaji akitaka kuondoka kabla ya muda kwisha, atatoa taarifa ya maandishi ya siku 30. Mwenye nyumba atarudisha kodi ya miezi ambayo haijatumika, baada ya kutoa kodi ya muda ambao chumba kimekaa wazi, usiozidi miezi miwili, na gharama za matengenezo ya uharibifu zilizo na risiti. Marejesho yatakamilika ndani ya siku 90 tangu mpangaji akabidhi funguo.

Mwenye nyumba akimtaka mpangaji aondoke kabla ya muda bila kosa la mpangaji, atatoa taarifa ya siku 90 na kurudisha kodi yote isiyotumika siku ya makabidhiano."

Stempu nimelipia ya yule dada, 3,600 kwa miezi mitatu. Mtu wa dirishani aliniangalia kwa mshangao, akaniambia wenye nyumba wadogo huwa hawaji.

Kijana wa Kupanga

Mwalimu, mlango ukipata nafasi naomba unikumbuke. Kutoka Chamazi hadi kazini kwangu ni mbali, lakini nitapanda daladala mbili.

Milango Kumi

Mwalimu, kwenye miezi mitatu bado sikubaliani nawe. Ila hicho kifungu cha marejesho nimekinakili. Ya kwangu nitaweka miezi mitatu badala ya miwili, na wa Buza kesho tunakutana serikali ya mtaa, amekubali kuja.

Karani wa Baraza

Miezi mitatu ni mingi kwa chumba cha Buza, kaka. Vyumba huko vinakaa wazi kwa wiki. Fikiria tena.

Mwalimu wa Chamazi

Fundi Umeme, bado unakuja Jumamosi? Wapangaji wote wamekubali submita, nimewaambia saa nne asubuhi. Mlango wa tatu waya unapita karibu na shimo jipya, kwa hiyo njoo na bomba la kutosha kuuzungushia kwa juu ya ukuta.